Faiba Nyumbani: Kabla Hujanunua Ruta, Igeuze Utazame Nyuma

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji. Leo nimekaa na kaka Baraka. Swali ni hili: nikivutiwa nyumbani waya wa faiba, ule unaopitisha intaneti kwa mwanga, ninunue modemu gani?

BARAKA: Ahsante, dada Zuhura. Modemu tuliizoea enzi za waya wa simu. Kwenye faiba kuna kisanduku kinaitwa ONT, ndicho kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara za umeme. Ruta kazi yake ni kugawa intaneti na kurusha Wi-Fi. Mara nyingi vyote viwili vimo kwenye boksi moja, ndipo watu wanapochanganyikiwa.

ZUHURA: ONT naweza kujinunulia?

BARAKA: Usikimbilie huko. ONT husajiliwa kwa mtoa huduma kwa namba yake yenyewe. Ukichomeka isiyotambulika, mwanga unafika lakini intaneti hupati. Baki na uliyoletewa, pesa yako iende kwenye ruta.

ZUHURA: Na ule waya mwembamba wenye kichwa cha kijani?

BARAKA: Huo uchukulie kama yai! Ncha ya kijani imechongwa mshazari wa digrii 8, ili mwanga unaoakisiwa usirudi ulikotoka. Ya bluu haina mshazari huo. Zinaingia tundu lilelile, kwa hiyo mtu anazichanganya bila kujua, nyuso hazikutani sawasawa na mwanga unapotea. Usiiguse ncha kwa kidole, wala usiukunje waya. Taa nyekundu ya LOS kwenye ONT ikiwaka, ruta haina kosa, mwanga ndio haufiki.

ZUHURA: Sasa nikueleze yaliyonikuta. Nililipia megabiti 300 kwa sekunde. Nikipima asubuhi, 94. Usiku wa manane, 94. Nikamlaumu mtoa huduma wiki nzima.

BARAKA: Pole. Lakini hiyo 94 ilikuwa inakuambia kitu. Laini ikizidiwa na watu, spidi hupanda na kushuka. Ikiganda hapo hapo, kuna tundu la megabiti 100 mahali fulani. Ukitoa zile zinazoliwa na usafirishaji wenyewe, hubaki kama 94.

ZUHURA: Kweli kabisa. Niliigeuza ruta, nyuma pameandikwa 10/100, yaani mwisho wake megabiti 100. Na boksi lake lilikuwa na 1200 kubwa mbele!

BARAKA: Ile 1200 ni Wi-Fi tupu: megabiti 300 za bendi ya 2.4 GHz na 867 za bendi ya 5 GHz, wakajumlisha na kuzungusha juu. Haihusiani na tundu la WAN, lile linalopokea waya kutoka ONT. Hilo linanikera, maana mnunuzi anasoma mbele tu. Tafuta tundu la gigabiti, yaani megabiti 1000. Na waya wa mtandao pia uukague: gigabiti inatumia jozi zote 4 za nyaya zilizomo ndani, moja ikikatika unaweza kushushwa hadi 100.

ZUHURA: Na Wi-Fi 6, kile kizazi cha sita cha Wi-Fi, je?

BARAKA: Nzuri kama nyumba ina vifaa vingi. Ila bendi ya 5 haipendi kuta. ONT ikiwa pembeni mlangoni, vuta waya wa mtandao, hata mita 30 hazina shida, ruta ikae katikati ya nyumba.

ZUHURA: Nikishanunua ya kwangu, nachomeka tu?

BARAKA: Hapana, uliza kwanza. Watoa huduma wengine wanatumia PPPoE, njia ya kuingia mtandaoni kwa kujitambulisha, utahitaji jina na nywila, pengine na namba ya VLAN, yaani ya njia wanayopitishia intaneti yako. Na kama ONT ina ruta ndani, omba waiweke kwenye hali ya daraja (bridge), ipitishe tu intaneti bila kuigawa, la sivyo utakuwa na ruta mbili zinazogawa anwani, na michezo ya mtandaoni na kamera zitakusumbua.

ZUHURA: Mimi jina, nywila na namba hiyo nilimwomba fundi akiwa bado anakusanya vifaa vyake. Alinisomea kimoja kimoja, nikaandika kwenye daftari.