Anayeshushwa Ndegeni Hushushwa kwa Kosa Gani?

Mhadhara uliotolewa Kisumu mbele ya wanafunzi wa usafiri na utalii

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyinyi wakazi wa Kisumu mliokubali kuziacha shughuli zenu za alasiri,

Nimepewa mada inayohusu abiria wanaoshushwa ndegeni kwa sababu ya mizozo ya viti, nami nitaitanguliza hoja yangu ili msiisubiri hadi mwisho. Ni nadra abiria kuandikiwa kwamba ameshushwa kwa ajili ya kiti. Ugomvi huanza kama suala la kibiashara, yaani nani alilipia nini na aliahidiwa nini, kisha kwa muda wa dakika chache hugeuzwa kuwa suala la nidhamu, kwamba abiria amekaidi amri ya wahudumu. Kosa la kwanza huenda likawa la kampuni. La pili daima huwa la abiria. Ninashikilia kwamba mamlaka ya kumshusha mtu yalitolewa kwa ajili ya usalama, na kwamba kuyatumia kusahihisha hesabu ya viti ni kuyatumia vibaya, hata pale ambapo hakuna sheria iliyovunjwa.

Mamlaka yenyewe ni makubwa, na nisingependa mtu atoke hapa akidhani ninayadharau. Mkataba wa Tokyo, uliotiwa saini tarehe 14 Septemba 1963, unampa rubani kiongozi uwezo wa kumzuia, kumshusha au kumkabidhi kwa wenye mamlaka mtu ambaye kuna sababu za msingi za kuamini kwamba amefanya, au yu karibu kufanya, jambo la kuhatarisha ndege au kuvuruga utaratibu na nidhamu ndani yake. Kwa jumla uwezo huo huanza pale milango yote ya nje inapofungwa baada ya abiria kupanda, na rubani aliyeutumia kwa mujibu wa mkataba hawajibiki mahakamani kwa yale aliyomtendea aliyeshushwa. Sababu yake inaeleweka. Katika matatu ya kwenda Busia, abiria akizozana na makanga juu ya kiti, gari litasimama Maseno, watu watapiga kelele, mmoja atashuka na safari itaendelea. Ndege ikiwa angani haina Maseno ya kusimama, na mtu anayekataa kuketi wakati wa utulivu huenda akakataa kusimama wakati wa moshi. Hata hivyo, tazameni jinsi nidhamu ilivyowekwa sambamba na usalama. Hatari inaweza kuthibitishwa na mtu wa nje, lakini utovu wa nidhamu hupimwa na yule yule aliyetoa amri.

Kisa kinacholionyesha jambo hili waziwazi kilitokea Chicago tarehe 9 Aprili 2017, katika ndege ya United Express iliyokuwa ikielekea Louisville. Abiria walikuwa wamekwisha kuketi wakati kampuni ilipotaka viti vinne kwa ajili ya wafanyakazi wake waliohitajika kazini huko. Wasafiri waliahidiwa hadi dola 800 ili wajitolee kushuka, wakakataa, ndipo wanne wakachaguliwa na kompyuta. Watatu walishuka. Wa nne, daktari mwenye umri wa miaka 69, alisema kwamba wagonjwa wake wanamsubiri kesho yake, na maofisa wa usalama wa uwanja wa ndege wakamkokota sakafuni mbele ya simu zilizokuwa zikirekodi. Alivunjika pua na kupoteza meno mawili. Angalieni kwamba mzee huyu hakuwa amekosana na mtu yeyote. Mlango ulikuwa bado wazi, na hatari yoyote kwa ndege haikuwapo. Lakini siku iliyofuata, barua ya mkuu wa kampuni kwa wafanyakazi wake ilimtaja kuwa msumbufu na mgomvi. Upungufu wa mipango ya kampuni ukawa tabia mbaya ya abiria!

Kampuni ilijirekebisha kwa haraka ambayo, kwangu mimi, inathibitisha kwamba jambo hilo lingeweza kuepukwa tangu mwanzo. Kabla mwezi ule haujaisha ilielewana na daktari nje ya mahakama, ikapandisha kiwango cha juu cha fidia ya anayejitolea hadi dola 10,000, ikaagiza wafanyakazi wake wanaosafiri wapangiwe viti angalau dakika 60 kabla ya ndege kuondoka, na ikaahidi kutowaita walinda usalama isipokuwa kwa mambo ya usalama. Bunge la Marekani lilitunga sheria mwaka 2018, na kanuni za mwaka 2021 zikaiweka wazi: abiria ambaye pasi yake ya kupandia ndege imekubaliwa langoni hashushwi tena kwa kuwa viti vimepungua, ila kwa sababu za usalama, afya au mwenendo wake mwenyewe.

Kuuza tiketi nyingi kuliko viti si jambo jipya, wala si haramu katika nchi nyingi, kwa kuwa kampuni hukisia kwamba baadhi ya wasafiri hawatatokea. Mwaka 1972 Ralph Nader, mtetezi mashuhuri wa walaji, alinyimwa nafasi katika ndege ya Allegheny aliyokuwa ameikatia tiketi, akashtaki, na mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba hakuna kinachomzuia kudai kwamba alidanganywa. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1968, mwanauchumi Julian Simon alipendekeza dawa rahisi kabisa: kila abiria aandike fidia ndogo kabisa atakayoikubali ili asubiri ndege nyingine, kisha alipwe na kubaki yule aliyeandika kiasi cha chini. Kampuni zilimpuuza kwa takriban mwongo mzima. Ulaya nayo, kwa kanuni ya mwaka 2004, inalazimisha kampuni itafute kwanza wanaojitolea, na anayenyimwa nafasi bila hiari yake hulipwa euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali. Mtu wa Kisumu anayerudi nyumbani kutoka Paris au Amsterdam anaingia chini ya kanuni hiyo, kwa sababu inazihusu safari zote zinazoanzia katika nchi za Umoja wa Ulaya, na ni aibu kwamba mawakala wetu wa tiketi hawamwambii.

Ugomvi wa abiria kwa abiria una sura nyingine. Mwezi Agosti 2014, ndege iliyokuwa ikitoka Newark kwenda Denver ililazimika kutua Chicago kwa sababu abiria mmoja alikifunga kwa kifaa kiti cha mbele yake ili kisilazwe, na mwenye kiti akamrushia maji. Wote wawili wakashushwa. Hapo sina la kumlaumu rubani. Lakini mwezi Oktoba 2018, katika ndege ya Ryanair mjini Barcelona, mwanamume alimtukana kwa rangi ya ngozi yake mwanamke wa miaka 77 aliyeketi karibu naye, na aliyehamishwa akawa ni huyo mama, huku mtukanaji akiendelea na safari mahali pake. Mahakama moja ya Yerusalemu ilikuwa imeonyesha njia mwaka 2017 ilipoiambia El Al, kampuni ya ndege ya Israeli, kwamba wahudumu hawaruhusiwi kumwomba mwanamke ahame kiti eti kwa sababu mwanamume hataki kuketi kando yake. Mhudumu aliyechoka humhamisha aliye mpole, kwa kuwa mpole hana kishindo.

Nirudi kwetu. Ndege nyingi zinazotuunganisha na Nairobi ni za mapangaboi, na zipo ndogo zaidi zinazokwenda mbugani. Katika ndege za namna hiyo, kuhamishwa kiti mara nyingi ni suala la uzito: watu wachache wakirundikana nyuma, mizani ya ndege huharibika, na rubani ana haki ya kuwapanga upya. Vivyo hivyo kwa kiti kilicho kando ya mlango wa dharura, ambacho haketishwi mtoto wala mtu asiyeweza kuufungua, hata kama amekilipia. Amri kama hizo zitiiwe papo hapo. Hata amri isiyo ya haki, ushauri wangu ni kwamba abiria aitii kwa mwili na kuipinga kwa karatasi: atunze pasi yake, aulize kwa sauti ya chini sababu ni ipi, aandike majibu, kisha apeleke madai kwa kampuni na kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mlaji haki ya kupewa taarifa anazozihitaji na ya kufidiwa hasara.

Wanafunzi, wengi wenu mtaajiriwa na kampuni hizi, na siku moja mtajaza taarifa ya abiria aliyeshushwa. Kabla hamjaandika kwamba alikataa kutii, andikeni kwanza pasi yake ilikuwa na kiti kipi, nani alikibadilisha, saa ngapi, na aliahidiwa nini kabla ya kuamriwa. Taarifa isiyo na mambo hayo manne irudishwe kwa aliyeiandika.

Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na wale wanaofanya kazi kwenye kaunta.