Huu mji ulipimwa viwanja mwaka 1284

Mambo vipi watu wangu, leo nipo Monpazier, kusini magharibi mwa Ufaransa huku Dordogne, upepo ukiwasumbua kwenye sauti mnisamehe. Kamji kenyewe kadogo, urefu mita 400 hivi, upana 220, unakazunguka kote chai yako haijapoa.

Sasa cheki hii barabara, imenyooka mpaka kule getini kama wamevuta kamba. Hawakujenga kiholela hawa, mwaka 1284 walipima kwanza, mitaa ikakatana mraba mraba, kila familia ikapewa kiwanja saizi moja na cha jirani, ndo watu wakaanza kujenga. Na aliyeuanzisha wala sio Mfaransa, ni Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, maana enzi hizo Aquitaine, yaani eneo hili la kusini magharibi, ilikuwa chini yake na mfalme wa Ufaransa anainyemelea, so akawa anaanzisha miji mipya, watu wahamie, walime, walipe kodi, wampe na ulinzi. Miji ya hivi wanaiita bastide. Mageti matatu ya kale bado yamesimama, japo Vita vya Miaka Mia vilipokuja leo ulikuwa wa Waingereza kesho wa Wafaransa.

Ngoja nigeuze kamera. Mnaona, nyumba na nyumba hazigusani, katikati kuna kiupenyo hiki, wanakiita androne, mkono unaingia, bega linagoma kabisa. Kiliachwa ili moto usiruke kwa jirani, na pia, samahani kwa anayekula, humo ndo walikuwa wanamwaga maji machafu na kila uchafu wa ndani. Asubuhi enzi hizo naamini palikuwa hapanukii vizuri.

Hapa kati ni uwanjani. Nyumba zote zimetoa matao kwa mbele, chini unapita kama barazani, mvua inyeshe hulowi. Soko lake hili la nguzo za mbao, na vile pale ni vipimio vya nafaka vya zamani, wale wazee wa lumbesa hapa mngekoma. Ila uwanja huu huu mwaka 1637 alivunjwavunjwa mifupa kwenye gurudumu mpaka kufa jamaa mmoja mfumaji, Buffarot, aliyeongoza wakulima kugomea kodi. Watalii wanakunywa kahawa palepale.

Baba najua unaangalia. Ule uchochoro unaogombania na jirani yako mwaka wa tisa huu, nakutumia picha ya hiki kiupenyo, mkakipime wote wawili.