Shangazi wa mstari wa nyuma naye kachangia harusi

Nimeshalisema hili mpaka wengine mnanitania, na leo mtalisikia tena: ukipiga picha ya ukoo mzima kwa f/1.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi sana, umepiga mstari wa mbele tu.

Chukueni lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya fremu kamili, yaani yenye sensa (kile kipande kinachonasa mwanga) ya ukubwa wa filamu ya milimita 35. Bibi harusi yuko mita 4 mbele yako, fokasi umeiweka jichoni mwake. Kwa f/1.8, nyuma yake una sentimita zisizofika 40 zinazoonekana bila ukungu. Mstari wa pili tayari umeanza kuyeyuka. Wa tatu, walikopangwa kina shangazi, ni vilemba vinavyoelea. Bana tundu hadi f/8, nao wote wanarudi, kwa kuwa sasa unafika zaidi ya mita 2 nyuma ya bibi harusi.

Kwa nini? Lenzi hufokasi kwenye umbali mmoja, basi. Nukta iliyo mbele au nyuma ya hapo hutua kwenye sensa kama kiduara, na upana wa kiduara hufuata upana wa tundu. Gawanya 50 kwa 1.8: tundu lina kipenyo cha milimita 28 hivi. Kwa f/8 ni 6 na ushei. Tundu likibanwa, kiduara hupungua mpaka jicho linakichukulia kuwa nukta. Asiyeniamini atoboe karatasi kwa sindano, asogeze simu karibu na jicho mpaka herufi zivurugike, kisha atazame kupitia kitobo. Zinasomeka.

Sasa, jicho hilo linavumilia kiasi gani? Inategemea picha ni kubwa kiasi gani! Ndiyo maana kioo kidogo cha nyuma ya kamera kinakudanganya: pale kila mtu yuko safi. Familia ikichapisha ya kutundika sebuleni, simu unapigiwa wewe.

Namsikia mmoja ananong'ona, "Mwalimu, ukumbini giza." Giza lipo. Ongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, washa flashi, rudi nyuma hatua mbili. Chengachenga zinazoletwa na ISO kubwa hakuna anayezilalamikia. Uso wa mama mkwe uliopotea wataukumbuka mpaka watoto wazaliwe.

Mwingine atasema simu yake haina shida hiyo. Kweli, lenzi yake ni fupi mno, karibu kila kitu kiko wazi. Ule ukungu wa nyuma unapakwa na programu, ndiyo maana hula ncha za vilemba na mikono ya miwani.

Na msiniambie ukungu ndiyo sanaa. Mwaka 1932, kule California, wapiga picha Ansel Adams, Edward Weston na wenzao walijiita Group f/64, jina la tundu dogo kabisa, kwa kutaka picha iliyo wazi kutoka mbele hadi nyuma. Kamera zao zilikuwa kubwa, ndiyo maana tundu dogo hivyo liliwafaa. Nyie mkipita f/16 mwanga hutawanyika kwenye kingo za tundu na picha nzima inalegea.

Lenzi ndefu sitaigusa, muda umekwisha. Watu tisa wasimame pale, mistari mitatu. Kamera mkononi.