Samaki wa Kigombe, Nyuki wa 1914 na Vingine Tulivyookota Mtandaoni

[Muziki wa ufunguzi]

ZAINA: Asalaam aleykum wasikilizaji, na wengine wote hamjambo. Hapa Tanga, mji wa waja leo waondoka leo. Mimi Zaina, na mwenzangu Bakari yuko hapa, ameshika simu mikono miwili tangu tumekaa. Mgosi, umeokota nini wiki hii?

BAKARI: Shikamoo kwanza, dada Zaina.

ZAINA: Marahaba, mdogo wangu.

BAKARI: Nimeokota samaki.

ZAINA: Wa kukaanga?

BAKARI: Huyu haliki. Nyama yake ina mafuta ya ajabu, ukila utashinda chooni. Hebu tazama hii picha, uwaambie wasikilizaji unaona nini.

ZAINA: Naona samaki wa katuni. Rangi ya udongo, mabaka mabaka, mwili wote kama umechongwa kwenye mwamba. Ana sura ya mzee aliyeamshwa usingizini.

BAKARI: Anaitwa Relicanth. Ni Pokémon, wale viumbe wa kubuni wa gemu za Kijapani. Alitokea mara ya kwanza kwenye gemu za Ruby na Sapphire, zilizotoka Japani mwaka 2002. Namba yake kwenye orodha ya Pokémon ni 369. Sasa waliomchora walimtoa wapi? Kwa silikanti, samaki wa kale wa kweli. Huyuhuyu silikanti anayenaswa hapo Kigombe.

ZAINA: Wewe! Kigombe hii ya njia ya Pangani?

BAKARI: Hiyohiyo. Na angalia miaka ilivyokaa. Gemu imetoka 2002. Silikanti wa kwanza kurekodiwa Tanzania ni 2003, kule Songo Mnara, Kilwa. Baada ya hapo ndiyo wakaanza kuingia kwenye jarife za wavuvi wetu huku Tanga, zile nyavu za papa zinazotegwa maji marefu. Yaani mtoto wa Tokyo alikuwa naye mfukoni kabla wewe na mimi hatujajua kwamba tunaishi naye.

ZAINA: Hapo umenigusa. Na ndani ya gemu anafanya nini? Anaelea tu?

BAKARI: Ndiyo maana nampenda! Kwanza kumpata kazi. Unazama chini ya bahari, unazunguka kwenye majani ya baharini, unakutana na wengine wote isipokuwa yeye. Halafu kuna chumba kimefungwa chini ya maji. Ukutani kuna maandishi, lakini si herufi, ni nukta nundu, yale wanayosoma wasioona kwa vidole. Watoto ikabidi wajifunze nukta nundu ili wajue ukuta unasema nini. Na ukuta unakuambia uje na wawili: nyangumi mmoja anaitwa Wailord, na huyu Relicanth. Ukiwapanga sawasawa, milango inafunguka mahali pengine kabisa duniani mle, majitu matatu ya kale yanaamka.

ZAINA: Kwa hiyo bila samaki wa Kigombe hakifunguki kitu.

BAKARI: Hakifunguki! Na si gemu hiyo peke yake. Kuna Animal Crossing, ile ya kujenga kisiwa chako. Toleo lililotoka Machi 2020 watu walicheza sana wakati wa korona, wamejifungia ndani. Mle silikanti anavuliwa baharini mvua ikinyesha tu. Ukimuuza unapata Bells 15,000, ndiyo sarafu zao. Lakini ukiwa na akili humuuzi, unampeleka makumbusho, kuna bundi pale anakueleza habari zake.

ZAINA: Mvua na silikanti wapi na wapi? Anakaa chini huko, mvua ataijulia wapi?

BAKARI: Wa kweli mvua haimhusu. Mchana amejibanza mapangoni, mara nyingi zaidi ya mita 100 chini, usiku ndiyo anatoka kuwinda. Nadhani watengeneza gemu walitaka apatikane kwa shida tu. Na mimi nimewakubalia, maana mtu ukishasubiri mvua ukampata, humsahau.

ZAINA: Sasa niachie na mimi, maana ulivyonitumia ile picha juzi usiku sikulala, nikaenda kusoma. Wewe umependa katuni, mimi nimempenda yule dada wa makumbusho.

BAKARI: Marjorie Courtenay-Latimer.

ZAINA: Huyo. Mwaka 1938, Desemba, Afrika Kusini, mji unaitwa East London. Yeye ndiye msimamizi wa makumbusho madogo pale, kijana wa miaka 31. Meli ya uvuvi imeingia, kapteni akamjulisha kama kawaida yake, njoo uangalie kama kuna cha kukufaa. Anapekua lundo la samaki, anaona pezi la buluu limechomoza chini. Anavuta. Samaki mkubwa, magamba magumu, mapezi yana vishina kama viguu. Hajawahi kumwona. Sasa shughuli ikaanza, kumfikisha mjini. Dereva wa teksi hataki, samaki ananuka! Wakabishana pale mpaka akakubali. Kufika, hana pa kumhifadhi. Chumba cha maiti wakakataa, wenye jokofu kubwa wakakataa. Na joto la Desemba kule ndilo la kiangazi.

BAKARI: Mtu mwingine angemtupa.

ZAINA: Wengi wangemtupa! Yeye akakaa akamchora kwa kalamu, akamtumia mchoro mtaalamu wa samaki, J.L.B. Smith. Mchoro wenyewe upo mtandaoni, nimeuangalia mpaka macho yameuma. Si mchoro wa fundi, mistari imeenda harakaharaka, lakini ule mkia wenye kipande cha ziada katikati ameuonyesha, na yale mapezi yenye viguu ameyaonyesha. Kwa mchoro ule Smith akatambua kwamba huyu ni samaki ambaye wataalamu walikuwa na mabaki yake ya mawe tu, wakiamini ametoweka miaka milioni 66 iliyopita, pamoja na dainosaria. Ndiyo akampa jina la kisayansi la Latimeria. Jina la dada yule litakaa mpaka kiama.

BAKARI: Na wa pili hakupatikana mpaka 1952, Komoro. Smith alishasambaza karatasi zenye picha na zawadi ya pauni 100 kwa atakayempata. Na Wakomoro kumbe walikuwa wakimjua siku zote, wakimwita gombessa.

ZAINA: Hilo mimi halinishangazi. Wavuvi wanajua mengi, tatizo hakuna anayewauliza.

BAKARI: Nikuongezee moja? Mwaka 2021 watafiti walisoma magamba yake upya, wakakadiria kwamba anaweza kufika miaka 100. Na mimba anakaa nayo kama miaka mitano.

ZAINA: Mitano! Mwenyezi Mungu ampe nguvu mama huyo.

BAKARI: Kwa hiyo dada, ukinasa jike mmoja kwenye jarife, hujachukua samaki mmoja. Umechukua miaka. Ndiyo maana mimi nafurahi kwamba tangu 2009 tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapa Tanga, na ningependa kila mtoto wa Makorora na Ngamiani amjue huyu kama wanavyowajua wachezaji wa Ulaya. Kuna silikanti hapo nje sasa hivi, huenda alizaliwa kabla ya uhuru. Kila mmoja ana madoa yake meupe, hayafanani na ya mwenzake, ndivyo watafiti wanavyowatambua. Mtu akitengeneza stika za WhatsApp za silikanti wa Tanga, wa buluu na madoa yake, mimi wa kwanza kuzisambaza.

ZAINA: Wachoraji mmesikia. Haya, changu cha kuchekesha ni kifupi. Nyuki.

BAKARI: Ah, wale wa vita!

ZAINA: Wenye chaneli za historia YouTube wakitaja Tanga, wanataja nyuki. Novemba 1914, Waingereza wamekuja na jeshi la watu kama 8,000, wengi wao wameletwa kutoka India, wakashuka huku Raskazone. Upande wa Wajerumani kama 1,000 tu, na wengi wao askari Waafrika, mkubwa wao Lettow-Vorbeck. Mapigano yamepamba moto, mizinga ya nyuki mitini ikavurugwa. Nyuki wakatoka, na hawakuuliza wewe wa bendera gani. Watu wanakimbia wanajipiga usoni, bunduki huku, nyuki huku. Tarehe 5 Waingereza wakarudi melini, wameacha bunduki na risasi chungu nzima. Ikaja ikasemwa hata kwamba Wajerumani waliwatega wale nyuki makusudi!

BAKARI: Ile video ya michoro, nyuki amevaa kofia ya jeshi, nimecheka mpaka nimekohoa.

ZAINA: Mimi pia nimecheka. Lakini kila nikitazama najiuliza, ile mizinga ni ya nani? Haikujitundika. Kuna mtu wa hapa alichonga gogo, akapanda mti akalitundika, anangoja asali yake. Huyo hayumo kwenye video hata moja. Nani atuchoree huyo.

BAKARI: Sikuwahi kumfikiria, Wallahi.

ZAINA: Sasa twende kwenye mapenzi yangu ya kweli. Kili Paul.

BAKARI: Nilijua tu!

ZAINA: Unajua kwa sababu unanijua. Mimi nimelelewa na picha za Kihindi. Bibi yangu hajui Kihindi neno moja la kununulia chumvi, lakini nyimbo anaziimba mwanzo mwisho, na machozi anatoa mahali panapostahili. Sasa 2021 naona kijana wa Kimasai, shuka lake, nyuma ng'ombe na vichaka, anafuatisha wimbo wa Kihindi, Raataan Lambiyan, kwa midomo. Nikasema huyu ni wa kwetu! Kijiji chao Mindu Tulieni, mkoa wa Pwani, umeme hakuna, alikuwa akienda Lugoba kuchaji simu. Lugoba hiyo basi la Dar linapita!

BAKARI: Hapo ndipo watu hawaelewi ukubwa wake. Februari 2022 ubalozi wa India Dar ulimwita kumpongeza, na mwezi huohuo Waziri Mkuu Modi akamtaja yeye na dada yake Neema kwenye kipindi chake cha redio.

ZAINA: Na anastahili. Wengi wanafuatisha midomo, ni kweli, lakini mtazame nyusi. Mwimbaji anapovuta sauti juu, zile nyusi zinapanda pamoja nayo. Anapofika neno la kuumiza, shingo inalegea kidogo upande. Hacheki na wimbo, hajifanyi Mhindi, wala Umasai wake hauweki pembeni. Anaupenda tu wimbo. Mimi nikiwa na siku mbaya namfungulia yeye na Neema, dakika moja, nimepona.

BAKARI: Mimi dawa yangu ni Wagosi wa Kaya.

ZAINA: Timu au wale wa muziki?

BAKARI: Timu nayo ni yangu, Coastal Union mabingwa wa 1988, asitokee mtu kunisahaulisha. Lakini nasema wale wa rapu. Miaka ya 2000 mwanzoni kila msanii alitaka asikike kama wa Dar, wao wakaja na lafudhi ya huku huku, "Tanga Kunani". Nimezikuta nyimbo zao YouTube, nimezisikiliza upya, bado zina makali. Wanasema ya hospitali, ya mtaani, bila kumung'unya.

ZAINA: Hao walikuwa wanajua wanaongea na nani. Na mimi nikirudi nyuma zaidi ya hapo, nakwenda kwa Shakila. Mzaliwa wa Pangani, akaimba na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star hapahapa Tanga, akatutoka 2016. Mgosi, weka vipokea sauti usikilize taarabu ile vizuri. Wenzetu Unguja walikuwa na fidla, na kanuni ile ala ya nyuzi, na jukwaa zima la watu. Huku vijana wakachukua magitaa ya umeme na besi, wakawa kikundi kidogo, na ile besi inatembea chini ya sauti ya Shakila bila kumgusa. Sauti nyembamba, haipandishi kelele, na inakufikia.

BAKARI: Lakini mtandaoni nyingi zimewekwa bila jina la mpigaji hata mmoja. Picha ya ua, jina la wimbo, basi.

ZAINA: Hilo ndilo linaloniudhi! Kwa hiyo ombi langu kwenu, wasikilizaji wa Tanga, Pangani, Muheza, popote: kama nyumbani kuna sahani ya santuri au kaseti ya Black Star, Lucky Star, Jamhuri Jazz, Atomic, msiiguse kwa kitambaa chenye maji. Pigeni picha jalada lake mbele na nyuma, halafu kaeni na mzee aliye karibu, mumuulize nani alipiga besi, nani gitaa, nani alitunga. Andikeni majina. Mkitutumia, sisi tutayasoma hapa moja moja.

BAKARI: Na sisi tutaanza na babu yangu, alikuwa hakosi dansi.

ZAINA: Basi mlete wiki ijayo, tutampangia kiti kizuri. Kwa leo, weka wimbo mgosi, na usiukate katikati.

[Muziki]