Kutoka Kilopaskali hadi psi: Kusoma Presha ya Tairi Tukiwa Nakuru

Mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mnaosomea ufundi wa magari hapa Nakuru, hamjambo?

Fungua mlango wa dereva wa gari lililotoka Japani, utakuta kibandiko kimeandikwa, tuseme, 230 kPa, yaani kilopaskali 230 za presha ya tairi. Nenda kwenye kompresa ya petroli stesheni, geji inasoma psi. Hapo wengi hukipa kibandiko kisogo na kusema, "Weka thelathini na tano." Kila gari, thelathini na tano! Jambo hili linaniudhi, maana aliyeliunda gari amekwisha kukwambia linachotaka, na hesabu yenyewe ni ndogo.

Psi moja ni nguvu ya ratili moja juu ya inchi moja ya mraba, sawa na kilopaskali 6.895. Gawanya 230 kwa 6.895, unapata 33.4. Huna kikokotoo? Gawanya kwa 7: utapata karibu 33, na kwa gari dogo inatosha. Kwenye lori usikadirie hivyo. Kilopaskali 800 ukizigawanya kwa 7 unapata 114, ilhali jibu la kweli ni 116.

Kipimo kingine cha presha ni bari: bari moja ni kilopaskali 100, yaani psi 14.5. Ukitaka kuipiga kichwani, zidisha kwa 15, kisha toa nusu ya namba uliyoanza nayo. Bari 2.4 inakuwa 36, toa 1.2, ni 34.8.

Sasa nije kwenye jambo ninalotaka mlishike. Geji haipimi hewa yote iliyo ndani ya tairi. Inapima kile kilichozidi hewa ya nje, na hewa ya nje hailingani kila mahali. Mwaka 1648 Blaise Pascal, Mfaransa ambaye kipimo kimepewa jina lake, alimwomba shemeji yake Florin Périer apande mlima Puy de Dôme na mrija wa zebaki. Kule juu zebaki ilisimama chini kuliko ilivyosimama bondeni, maana presha ya hewa hupungua kadiri unavyopanda.

Nasi tuko juu. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, hewa ina kilopaskali kama 88. Nakuru, kwenye mita 1,850, ni kama 81. Tofauti hiyo ya kilopaskali 7 ni psi moja. Basi tairi lililojazwa psi 33 kule ziwani, likifika hapa na kupoa hadi joto lile lile, geji itasoma karibu 34 na hakuna aliyeongeza upepo. Gari linalopanda kutoka Mombasa linaongeza karibu psi 3. Kugawanya kwa 6.895 hakukubadilika, sifuri ya geji ndiyo iliyohama.

Mtaniuliza: tupunguze? Namba ya kibandiko ni ya geji, kwa hiyo ifuateni hapa mnapoendesha. Ila dereva aliyetoka kuteremka Mau Summit tairi zikiwa moto asitoe upepo hata kidogo. Apime asubuhi, gari halijasogea.