Chai haijakatazwa, mbona ilikwama?

Habari zenu jamani. Kila nikiweka video swali ni lilelile: "Wewe uko Saint Petersburg, Urusi, mbona hutusaidii kuleta mizigo huko?" Leo najibu. Anayetaka kusema najidai, au nalalamika, anisikilize kwanza.

Vita vya Urusi na Ukraine vilianza tarehe 24 Februari 2022. Tarehe 1 Machi, kampuni kubwa za meli za makontena, Maersk na MSC, zikaacha kupokea mizigo mipya ya Urusi, isipokuwa chakula, dawa na misaada. Hapo ndipo mnaponibana: kama chakula kiliruhusiwa, chai yako kutoka Mombasa ilikwamaje?

Kontena la huku halikuwa linakuja moja kwa moja. Meli kubwa ilikuwa inalishusha bandari za Ulaya, Rotterdam, Antwerp au Hamburg, halafu meli ndogo ndiyo iliyokuwa inalileta. Vikwazo vya Ulaya dhidi ya Urusi vilipoingia, forodha za kule zikawa zinachambua mizigo ya Urusi, iliyokatazwa na isiyokatazwa, hati moja baada ya nyingine. Huku nyuma meli ndogo zinapungua. Chai yangu ikakaa yadi moja na vipuri ambavyo haviruhusiwi kabisa, foleni moja.

Sasa pesa. Siku za bure za kontena kukaa bandarini zikiisha, bandari inataka storeji, yaani ada ya kuhifadhi, kampuni ya meli inataka demareji, yaani ada ya kucheleweshewa kontena lake, na hakuna anayeuliza kosa ni la nani. Ukitaka kulipa, unalipia wapi? Benki 7 za Urusi zilitolewa SWIFT, mtandao ambao benki za dunia hutumiana taarifa za malipo, tarehe 12 Machi, na hata ukitumia benki ambayo haimo kwenye hizo 7, benki ya Ulaya ikiona Urusi kwenye karatasi inarudisha malipo. Pesa ninayo, deni linapanda, njia ya kuipitisha sina! Na wakala wangu wa mizigo, aliyekuwa hodari wa kupiga simu nilipokuwa namlipa, akanyamaza kimya. Jina simtaji, ila bado inaniuma.

Kwa hiyo mimi, nasema mimi, sipakii tena kabla sijajua kontena litashushwa wapi njiani, malipo yatapita benki gani, na nani atabeba storeji likikwama. Hilo la mwisho liandikwe kwenye mkataba. Mwenye mtaji mkubwa anaweza kuvumilia nisichoweza mimi, simpangii mtu.

Kama lako limekwama tayari, omba kampuni ya meli ikubadilishie bandari ya mwisho ungali na hati halisi za shehena (bill of lading) mkononi, seti nzima. Zikishafika kwa mnunuzi, bila yeye kukubali hupati kitu.