Nukta Peke Yake Mstarini: Kuhusu Kujitungia Programu ya Kutuma Barua Pepe

Ndugu zangu vijana wa Tanga, wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, nanyi mtanivumilia, kwa kuwa bado naletewa programu za kutuma barua pepe zilizoandikwa upya na vijana wenye akili, ilhali maktaba zinazoifanya kazi hiyo, yaani programu zilizokwisha kuandikwa ili wengine wazitumie ndani ya programu zao, zipo na ni za bure.

Kishawishi chenyewe nakifahamu. Itifaki ya SMTP, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata zinapopelekeana barua pepe, na ambayo Jon Postel aliiandika mwaka 1982, ni mazungumzo mafupi: seva inakupokea kwa namba 220, unajitambulisha, unamtaja mtumaji na mpokeaji, unasema DATA, unaimimina barua, kisha unaifunga kwa mstari wenye nukta peke yake. Anayeyaona hayo husema ni kazi ya mchana mmoja, na kweli jioni barua ya kwanza hufika.

Hiyo nukta nataka niikalie kidogo. Ikiwa ndiyo alama ya mwisho wa barua, itakuwaje mwandishi mwenyewe akiiweka katikati ya barua yake? Kanuni imelijibu swali hilo: kila mstari unaoanza na nukta, mtumaji auongezee nukta nyingine mbele, na seva inayopokea itaiondoa. Ni maelezo mafupi ndani ya waraka mrefu, nayo ndiyo yanayorukwa. Ofisi moja ya uwakala wa forodha hapa mjini, ambayo sitaitaja, ilitumia programu ya namna hiyo, na karani wake alikuwa na mazoea ya kutenganisha sehemu za barua kwa nukta moja. Wateja wakawa wanapata salamu na maelezo ya shehena, lakini orodha ya gharama, iliyokuwa chini ya nukta, hawaioni. Seva iliihesabu barua kuwa imekwisha, ikajibu 250, yaani imepokelewa, kisha ikaichukua mistari ya gharama kuwa ni amri na kuikataa mmoja mmoja kwa 500, yaani amri haieleweki, na programu haikusoma jibu hata moja. Ndiyo tabia ya programu hizi: hubisha hodi na kuingia bila kungoja karibu. Karani akalaumiwa, wateja wakadhaniwa wanakwepa kulipa, na mtandao nao ukalaumiwa, maana mtandao haukosi lawama.

Majibu hayo yana maana. Linaloanza na 4 linakutaka ujaribu tena baadaye, na linaloanza na 5 linakukataza kurudia. Zipo seva zinazomkatalia mgeni kwa makusudi mara ya kwanza, kwa jibu la 4, zikitegemea kwamba mtumaji wa kweli atarudi na mtumaji wa takataka hatarudi. Maktaba nzuri itakuletea jibu hilo wazi, nawe uirudishe barua kwenye foleni.

Najua yupo atakayesimama kuniambia kuwa maktaba nazo zina mianya ya usalama. Zinayo. Desemba 2016 ulitangazwa mwanya mkubwa katika PHPMailer, maktaba ya kutuma barua pepe kwa lugha ya PHP, ambapo anwani ya mtumaji iliyotungwa kwa hila iliweza kumpa mshambuliaji nafasi ya kuendesha amri zake kwenye seva. Marekebisho yakatolewa mwezi huo huo. Mwanya wa programu uliyojitungia, nani atakutangazia? Mtu akijaza fomu ya tovuti na kupenyeza mstari mpya ndani ya mada ya barua, anaweza kujiongezea wapokeaji wa siri, na seva yako ikamtumikia yeye. Maktaba ya lugha ya Python hukataa mada ya namna hiyo, yako inakataa? Muulize aliyeiandika, ambaye pengine sasa yuko Dodoma na hapokei simu.

Sikatazi kuandika kwa ajili ya kujifunza. Andika, uielekeze kwenye seva ya majaribio ndani ya kompyuta yako, uifurahie, ila usimkabidhi mteja.

Nilikusudia kuzungumzia pia viambatisho, mada zenye herufi za Kiarabu, na ukomo wa herufi 998 kwa mstari, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Niseme moja tu: SPF, DKIM na DMARC, yaani njia za kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa anayetajwa, ambazo Google na Yahoo wanazidai kwa watumao kwa wingi tangu Februari 2024, zinahitaji rekodi kwenye DNS, yaani daftari la majina ya mtandao, ya kikoa chenu, na hizo hakuna maktaba itakayowaandikia. Sasa nayapokea maswali.